Kamba wa Naivasha asiletwe Plateau

Wahenga waliponena "mgeni njoo, mwenyeji apone", hawakumfikiria mgeni anayezungumzwa siku hizi katika vikao vya wakulima hapa Plateau. Mgeni huyo ana magando mawili, gamba gumu la rangi ya damu ya mzee, na kwao ni vinamasi vya kusini mwa Marekani na kaskazini mashariki mwa Mexico. Wanasayansi humwita Procambarus clarkii. Wachuuzi wa Naivasha humwita kwa jina la Kiingereza, "crayfish", nasi kila mmoja hulitamka kadiri ya ulimi wake.

Rai inayotolewa ni nyepesi kusikika. Kijana apande matatu hadi Naivasha, ajaze ndoo moja ya wanyama hao wakiwa hai, arejee nao jioni ile ile na kuwamwaga bwawani. Baada ya mwaka mmoja, wasema watetezi wa rai hiyo, mahoteli ya Eldoret yatakuwa yakitubishia mlango. Naipinga rai hiyo kwa nguvu zangu zote. Naomba nafasi hii nieleze kwa nini, kwa kuwa wengi wanaoiunga mkono ni watu wenye busara ambao hawajapata kuelezwa, kwa lugha wanayoielewa, jinsi mnyama huyu anavyoishi na anavyozaana.

Wala siwalaumu. Nyanda hizi za Uasin Gishu, zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, zimezoea mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Mkulima wa mahindi amechoka kubembeleza malipo, na wa ngano hana hakika ya mnunuzi. Mashamba mengi yana mabwawa ya udongo, mengine yakiwa yalichimbwa enzi za walowezi ili mifugo ipate kunywa, mengine ni ya juzi. Mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuuchochea uchumi, ufugaji wa samaki ulipewa nafasi kubwa, na mabwawa 200 yakakusudiwa kuchimbwa katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Baadhi ya mabwawa hayo nchini yangali yakitoa samaki. Mengine, tusifichane, yamekuwa makao ya vyura. Mtu mwenye bwawa tupu ni rahisi kumshawishi atie chochote ndani yake.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni maneno, kwa hiyo msomaji aniwie radhi nikianza na jina. Jina la Kiingereza la mnyama huyu linaishia kwa neno lenye maana ya samaki, ilhali mnyama mwenyewe hana mapezi wala uti wa mgongo. Waingereza walilipokea neno hilo kutoka Kifaransa cha kale, nalo lilikuwa limetoka katika lugha za Kijerumani, likiwa na nasaba moja na neno la kaa. Silabi ya mwisho iliwagonga masikioni kama neno lao la samaki, wakaligeuza kidogo kidogo hadi likawa samaki kweli. Wanaisimu huiita hali hiyo etimolojia ya umma: watu hulisahihisha neno geni mpaka lifanane na wanalolijua. Huko Uingereza kosa hilo halikumdhuru mtu. Hapa kwetu linadhuru, kwani mkulima akilisikia hudhani anaongeza aina nyingine ya samaki katika bwawa la samaki, kama anayetia kondoo wachache katika zizi la mbuzi.

Kiswahili kinaweza kutusaidia. Watu wa pwani wanaye kamba, mnyama wa ngeli ya A-WA, asichanganywe na kamba ya kufungia ng'ombe ambayo ni ya ngeli ya I-ZI. Wanaye pia kamba koche, yule mkubwa wa baharini, na uduvi, wadogo kabisa. Mnyama wetu ni wa jamaa hiyo, ila yeye huishi katika maji matamu na huchimba. Wakulima wa nyanda za juu wanamjua mchimbaji mmoja vizuri sana, naye ni fuko, yule anayevimaliza viazi kutoka chini ya ardhi mwenyewe akiwa haonekani. Napendekeza basi tumwite mgeni huyu kamba-fuko, na hivyo ndivyo nitakavyomwita katika makala haya. Mkulima anayeuziwa samaki atanunua. Anayeuziwa fuko wa majini atauliza maswali kwanza.

Swali la kwanza na liwe la idadi. Mtu aliyemwona kamba-fuko Naivasha alimwona mtegoni au sokoni, naye aghalabu alikuwa mkubwa, wa sentimita kumi hivi, na mara nyingi dume. Akiukadiria ukoo mzima kwa kumtazama huyo, atakuwa kama karani wa sensa aliyehesabu watu kwenye mnada wa ng'ombe, kisha akaripoti kwamba kaunti nzima ina wanaume wazima tupu. Mtego huwanasa wanaotembea, tena wenye mwili wa kutosha kutopenya matundu yake. Watoto hupenya. Majike wenye mayai hawatembei kabisa, wamejifungia mashimoni. Hivyo watafiti hulazimika kutumia nyavu za matundu madogo, kuyachimbua mashimo, na kumpima kila mnyama urefu wa gamba lake la mgongo. Vipimo hivyo vikichorwa, makundi ya rika hujitokeza, kama vile mwalimu mkuu anavyoweza kuyatambua madarasa kwa kutazama vimo vya wanafunzi gwarideni. Gamba la kamba halina miduara ya miaka kama shina la mti, kwani kila anapokua hulivua na kuanza jipya. Kimo chake ndicho cheti chake cha kuzaliwa.

Ukihesabu kwa namna hiyo, madume na majike huelekea kuwa nusu kwa nusu, na chini yao kuna umati wa wadogo ambao hakuna mnunuzi aliyepata kuwaona. Anayesema "niliona wachache tu" ameuona ukoo huo kwa tundu la ufunguo.

Maisha yenyewe ni mafupi na ya haraka. Katika maji yenye joto kamba-fuko huweza kukomaa kabla ya kutimiza nusu mwaka, na wengi hawafiki miaka miwili. Dume ana sura mbili. Katika msimu wa kupandana huwa na magando mapana na vikulabu vidogo miguuni vya kumshikia jike. Msimu ukipita hujivua gamba na kurejea katika sura ya upole, kama askari aliyevua sare. Jike huipokea mbegu ya dume na kuihifadhi katika kifuko kidogo kilicho kifuani baina ya miguu, na anaweza kukaa nayo miezi kadhaa kabla ya kutaga. Anapotaga, mayai hushikwa kwa ute chini ya mkia, yakining'inia kwenye vijiguu vya kuogelea kama shada la zabibu. Jike mdogo ana mayai machache; jike mkubwa huweza kupita mia tano. Huyapepea ili yapate hewa, na maji yakiwa ya joto yataanguliwa baada ya wiki mbili au tatu. Watoto hawamwachi mama mara moja. Hung'ang'ania pale pale chini ya mkia hadi wamejivua gamba mara mbili, na hata baada ya hapo humkimbilia wakishtuka.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ndoo ya matatu inapopata uzito. Nimesikia hoja kwamba mtu mwangalifu anaweza kuchagua majike peke yao, ili wakue wauzwe bila kuzaana. Hoja hiyo haina mashiko, maana jike anaweza kusafiri akiwa na mbegu ya dume mwilini bila dalili yoyote ya nje ambayo mchuuzi angeitambua. Tufanye hesabu ya darasa la tano. Ndoo ina jike mmoja tu mwenye mayai 300. Tuseme tisa katika kila kumi watakufa kwa baridi, kwa midomo ya ndege na kwa kulana wao kwa wao. Wamebaki 30, na nusu yao ni majike: 15. Hao wakitaga mayai 300 kila mmoja tuna mayai 4,500, na baada ya vifo vya kiwango kile kile tuna kamba 450. Huo ni mfano tu, si takwimu za bwawa lolote, tena nimewaua wengi makusudi.

Yuko na binamu wa kamba-fuko ambaye hahitaji dume kabisa. Ni kamba wa madoadoa ambaye wanasayansi humwita Procambarus virginalis, aliyejulikana kwanza miongoni mwa wafugaji wa samaki wa mapambo nchini Ujerumani katika miaka ya 1990. Wote ni majike, na kila mmoja huzaa nakala zake mwenyewe. Alifika Madagaska mwanzoni mwa karne hii. Kati ya mwaka 2007 na 2017 eneo alilolienea huko liliongezeka mara mia moja, kutoka kilomita za mraba 1,000 hivi hadi zaidi ya 100,000. Madagaska walau ina kamba wake wa asili wa maji matamu, ambao sasa wanaishi na jirani huyo wasiyemtaka. Bara letu la Afrika halikuwa na kamba wa asili wa jamii hii hata mmoja. Kila anayeonekana bara aliletwa na binadamu.

Wako watakaosema kwamba baridi ya Plateau itawamaliza. Baridi huchelewesha kukua, hilo ni kweli. Lakini Ziwa Naivasha lenyewe liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Bunyonyi la kusini magharibi mwa Uganda, ambako kamba-fuko huvuliwa na kupikiwa watalii, liko juu zaidi ya hapo. Kutoka huko hadi kwetu ni kupanda ngazi chache tu, na huyu ni mnyama aliyezoea majira ya baridi ya Marekani.

Sasa nalijia shimo, na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mwenye bwawa aisome mara mbili. Maji yanapopungua, au jike anapokaribia kutaga, huchimba ukingoni na kulisukuma tope juu, hata mara nyingine likafanya kichuguu chenye tundu mfano wa bomba fupi mlangoni. Shimo huwa la nusu mita au zaidi kwenda chini, na mengine hupita mita moja. Chini kabisa kuna chumba chenye unyevu. Mlango huzibwa kwa tope. Humo ndani jike, akiwa peke yake au na dume, anaweza kungoja kwa miezi bwawa likiwa kavu juu yake, maadamu viungo vyake vya kupumulia havikauki.

Wakulima wa jimbo la Louisiana wamejenga biashara kubwa juu ya tabia hiyo. Huwafuga kamba-fuko katika mashamba ya mpunga. Joto linapoanza, hupunguza maji hadi mashamba yakauke, na kamba wakashuka mashimoni; majira ya joto yakipita hurudisha maji, na majike wakatoka na watoto chini ya mkia. Kwa wakulima wale, kukausha shamba ni sehemu ya kupanda mbegu.

Sasa tazama desturi yetu. Mwenye bwawa hapa akitaka kuanza upya hulikausha. Huyafungulia maji Januari au Februari, jua likapasua matope, akaamini kwamba kila kilichokuwamo kimekufa. Kwa ngege ni kweli. Kwa kamba-fuko atakuwa amefuata kanuni za ufugaji za Louisiana bila kujua, na mvua za masika zitakapolijaza bwawa tena, kina mama watatoka na wana wao. Dawa pekee ambayo mkulima wa kawaida anayo mkononi ndiyo hasa ambayo mnyama huyu ameumbwa kuistahimili. Kutia sumu bwawa ambalo ng'ombe hunywa, nalo hutiririkia kijito cha jirani, ni jambo ambalo sidhani kuna mtu timamu atalipendekeza.

Aidha, ukingo anaouchimba ndio ukuta wa bwawa. Kwingineko duniani, kuanzia mashamba ya mpunga ya Uhispania hadi ya Italia na Ureno, wakulima wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu kuta na mifereji inayovuja kwa sababu ya mashimo ya mnyama huyu. Tangu msiba wa Solai wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipopasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40, hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa maana ya ukuta wa udongo kuachia. Kamba hakuhusika na msiba ule, wala simsingizii. Nasema tu kwamba bwawa la udongo halihitaji mchimbaji wa ziada, na kwamba nyumba zilizo chini ya mabwawa yetu si zote za wenye mabwawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Sisi twataka kumwajiri mtu wa kuutoboa.

Naivasha ni somo tulilolipata tayari kwa gharama yetu wenyewe. Kamba-fuko aliletwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, kwa nia njema, akatiwa katika ziwa hilo mwaka 1970. Alitarajiwa kuwa chakula cha samaki aina ya besi, mgeni mwingine wa kutoka Marekani aliyetangulia kuletwa mwaka 1929, na pia awe biashara. Biashara ilikuja kweli, na katikati ya miaka ya 1970 shehena zake zilikuwa zikisafirishwa hadi Ulaya. Bei nayo ikalipwa ndani ya ziwa. Mimea iliyoota chini ya maji ililiwa. Mayungiyungi ya buluu, yaliyokuwa pambo la ziwa, yalitoweka. Wavuvi walivuta nyavu wakakuta samaki walionaswa wamekwisha kutafunwa. Watafiti waliolifuatilia ziwa kati ya mwaka 1987 na 1999, wakiwemo David Harper na wenzake, waliona mfano wa bembea: kamba wakizidi, mimea huisha; mimea ikiisha, kamba hupungua; mimea ikianza kurejea, kamba nao hurejea. Kabla ya 1970 hapakuwa na bembea hiyo.

Hata ukame wa miaka ya karibuni haukumtoa. Ziwa lilipopungua sana kuelekea mwaka 2010, kamba-fuko walionekana wakitoka majini usiku na kula majani ya nchi kavu, na taarifa ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 2012. Nilipoisoma niliwaza habari za kiboko, ambaye walau huonekana anapokuja shambani.

Huku kwetu mito ina mwenyeji wake, naye ni kaa wa mtoni wa jenasi ya Potamonautes, ambaye kila mtoto aliyewahi kugeuza mawe kijitoni anamfahamu. Katika vijito vya nyanda za juu za Kenya kaa huyu ni miongoni mwa wanyama wachache wanaoyasaga majani yaangukayo majini, na kazi hiyo huwalisha viumbe wengine wengi. Yeye pia ni mama mwema. Hubeba mayai, na hata watoto wake huwa kaa kamili kabla hawajamwacha. Lakini mayai yake ni makubwa na machache, na mwendo wake wa kuzaana ni wa taratibu. Ukimwekea jirani anayekomaa kwa miezi na kubeba mayai kwa mamia, mashindano yamekwisha kabla ya kuanza. Katika mto Ewaso Ng'iro watafiti waliwachunguza fisi maji, si kwa kuwavizia bali kwa kupekua kinyesi chao, na katika taarifa yao ya mwaka 2009 walionyesha jinsi magamba ya kamba-fuko yalivyochukua nafasi ya magamba ya kaa. Fisi maji hakulalamika, maana alipata chakula kingine. Kaa hakuwa na wa kumsemea.

Wala tusijidanganye kwamba bwawa ni la mtu binafsi. Maji ya Plateau hayakai Plateau. Vijito vya upande huu huingia Sosiani, Sosiani ikapita katikati ya Eldoret na kuingia Kipkaren, Kipkaren ikaungana na Nzoia, na Nzoia ikamwaga katika Ziwa Victoria. Kamba-fuko hutembea nchi kavu usiku wa mvua. Mwenye bwawa akiamka asubuhi hataona alama ya uzio uliorukwa.

Haki yataka nitaje na mema yake. Kamba-fuko hula konokono, wakiwemo wale wanaobeba vijidudu vya kichocho. Wanasayansi wa Kenya na wenzao wa Marekani walilijaribu jambo hilo kwa makini, na mwaka 1999 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba pale kamba walipostawi, konokono walipungua na maambukizo kwa watoto wa shule yalipungua pia. Hiyo ni hoja nzito, na mtu anayeishi katika bonde la joto ambako watoto wanakojoa damu ana haki ya kuipima kwa mizani yake. Lakini ni hoja ya mabonde ya joto zaidi kuliko ya nyanda hizi za baridi. Tena ilijaribiwa na wataalamu waliokuwa wakipima na kuhesabu. Ndoo iliyofunikwa kwa gunia ndani ya matatu haina daftari.

Na soko je? Soko la kamba linataka uvuvi wa kila siku, barafu, usafiri wa haraka na mnunuzi anayerudi. Naivasha yenyewe, yenye ziwa zima na barabara kuu ya kwenda Nairobi, iliona biashara hiyo ya Ulaya ikipanda kisha ikashuka. Bwawa moja la Plateau litashindana na nini?

Sheria ipo. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 kinakataza kuingiza mnyama yeyote, awe mgeni au wa asili, katika mto, ziwa au ardhioevu bila idhini ya maandishi. Ni kifungu kizuri, lakini kimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Utafiti upo pia. Mwaka 1990 mtafiti Oluoch alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu uzazi wa kamba-fuko katika Ziwa Naivasha, katika jarida la Hydrobiologia. Ni miaka zaidi ya thelathini sasa, na kijana mwenye ndoo hajapata kusikia habari zake kwa lugha yake. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Nauliza: urasmi huo unaishia katika viapo na hotuba, au unafika hadi ukingoni mwa bwawa?

Wenzangu wa vyuo vikuu wataniudhikia, lakini lawama hii ni yetu. Chuo Kikuu cha Moi hakiko mbali na hapa. Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichopata hadhi kamili mwaka 2013, kina wasomi wa uvuvi na viumbe wa majini. Twapandishwa vyeo kwa makala ambayo husomwa Leicester na Louisiana, na hakuna anayepandishwa cheo kwa karatasi moja ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani pa duka la pembejeo. Mimi na wanaisimu wenzangu tuna sehemu yetu vile vile: tumebishana miaka na mikaka kuhusu istilahi za isimu, na huku mnyama anayekula ziwa hana jina katika lugha ya wavuvi wake.

Karatasi hiyo si kazi ya mwaka mzima. Iwe na picha ya jike aliyegeuzwa tumbo juu, mayai yakionekana chini ya mkia. Iwe na picha ya mlango wa shimo wenye tope lililorundikwa kama bomba, karibu na wayo wa binadamu ili ukubwa wake ujulikane. Maneno yawe machache, kwa Kiswahili upande mmoja na kwa Kikalenjin upande wa pili, na vituo vya redio vya hapa Eldoret viyasome asubuhi kabla ya habari za bei ya mahindi. Anayetaka kumla kamba-fuko amnunue Naivasha akiwa amepikwa au amekufa barafuni. Mahoteli ya Eldoret yanaweza kumleta hivyo hivyo kesho bila kumdhuru mtu. Anayeona shimo la namna hiyo ukingoni mwa bwawa lake asilikaushe bwawa, asiwagawie majirani, asimpeleke shuleni akiwa hai ili watoto wamwone. Alipige picha shimo, aweke alama ya kijiti, kisha aipeleke habari hiyo kwa afisa wa uvuvi wa kaunti siku ile ile, kabla mvua haijanyesha.